Kondakta Aliyenitangulia Kwenye Mabehewa

"Binti, kwani wewe unakagua mara ngapi?"

Aliyeniuliza alikuwa mzee mmoja aliyekaa dirishani, behewa la tatu, kofia kaiweka magotini. Nilikuwa nimemwomba tiketi kwa adabu zote.

"Mara moja tu, mzee wangu."

"Basi mimi umeshanimaliza. Si sasa hivi umenitobolea tiketi? Ukanipandishia na kifurushi changu huko juu. Nikakuombea na dua ya mume mwema."

Nikacheka. Abiria wana vituko, na ukiwa kondakta unajifunza kucheka navyo. Behewa la tatu ndiyo kwanza nilikuwa naliingia. Hata mlango nilikuwa bado sijauachia.

Mzee akanipa tiketi yake. Ilikuwa na tundu.

Hapo lazima nieleze kidogo. Kila kondakta ana koleo lake la kutobolea tiketi, na kila koleo lina umbo lake, ili likitokea tatizo ijulikane nani alikagua. Wengine wana duara, wengine nyota, wengine pembetatu. Langu lilitoboa mwezi mchanga, na mwezi wenyewe ulikuwa na pembe moja butu kwa sababu nililiangusha relini mwanzoni mwa mafunzo, nikasemwa mpaka basi.

Tundu kwenye tiketi ya yule mzee lilikuwa mwezi mchanga. Pembe moja butu.

Nikainua macho. Kifurushi kilikuwa pale juu, kimefungwa kamba, kimekaa vizuri.

"Umeamini sasa?" mzee akauliza.

Koleo lilikuwa mkononi mwangu. Halikuwa limetoka mkononi mwangu tangu tuondoke stesheni. Nilimrudishia tiketi, nikamtakia safari njema, nikaenda kujifungia chooni. 

Wakati huo nilikuwa kondakta mwanafunzi. Wakongwe walituita vifaranga, kwa sababu mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi bila mwalimu wake. Unamfuata behewa kwa behewa, na akishakuamini anakuachia mabehewa ya nyuma huku yeye akikagua ya mbele. Saa zako za mafunzo zinahesabiwa pale tu mwalimu anaposaini kwamba mlikuwa treni moja.

Kifaranga pia hana likizo. Hiyo ndiyo sheria iliyonitoa jasho. Mpaka umalize saa zako zote, ndipo unapewa likizo yako ya kwanza, halafu unarudi kufanya mtihani.

Na mimi likizo ile niliitaka kuliko mshahara.

Nina binti. Alikuwa ndiyo anafikia umri wa kuanza shule, anaishi na mama yangu mji mwingine ambako treni zetu hazifiki. Zetu ziliishia njia panda ya reli, na kutoka pale unapanda basi mpaka uchoke. Nilipoondoka kwenda mafunzoni alining'ang'ania shingoni akagoma kuniachia. Nikamwahidi kwamba siku ya kwanza ya shule atakayempeleka ni mimi. Si bibi yake, mimi.

Basi kila nikipiga simu, wimbo ulikuwa huohuo.

"Mama, shule bado?"

"Bado, mwanangu."

"Utakuja?"

"Nitakuja."

Ahadi ni deni, wahenga walisema. Ila hawakusema kwamba ukimwahidi mtoto, atakukumbusha kila jioni kabla hata hujasalimia.

Mambo yaliharibika mwalimu wangu wa kwanza alipoenda likizo ya mwaka. Yeye likizo anayo. Kifaranga bila kuku hana kazi, na bila kazi hana saa. Nilikwenda kwa mpanga zamu nikiwa karibu kulia.

Mpanga zamu wetu alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye tabia ya kutafuna kifuniko cha kalamu. Huwezi kumchukia hata ukijitahidi, na mimi nimejitahidi.

"Utachelewa kumaliza," aliniambia. "Wenzako watakutangulia."

"Shule zitakuwa zimeshafunguliwa."

"Unasoma?"

"Mwanangu ndiyo anaanza."

Akatafuna kifuniko, akatazama ratiba yake ukutani.

"Nina mwalimu wa asubuhi hana mwanafunzi. Nina na wa mchana hana mwanafunzi. Nikugawe kwa wote wawili?"

"Yaani leo huyu, kesho yule?"

"Leo huyu, na leo hiihii yule."

Nikapiga hesabu ya haraka kichwani. Saa zangu zingekimbia. Ningemaliza kabla shule hazijafunguliwa, tena na siku za kumshonea sare.

"Inaruhusiwa, bosi?"

"Sheria inasema mwalimu asimzidishie mwanafunzi saa za zamu. Wewe utakuwa na walimu wawili. Hakuna hata mmoja atakayekuzidishia."

Ilikuwa hoja safi kabisa. Nilimshukuru mpaka akaona haya.

Mwalimu wa asubuhi tulimwita Kamanda. Mtu wa viatu kung'aa na kofia iliyonyooka. Zamu ikiisha alikuwa ananiambia kila siku, "Sasa nenda ukalale. Kondakta mchovu ni mbaya kuliko breki mbovu."

"Sawa, Kamanda."

Mwalimu wa mchana alikuwa mwanamke tuliyemwita Dada Saa, kwa kuwa macho yake hayakuwa yanabanduka kwenye saa ya mkononi. Yeye kila tukikutana aliniuliza, "Asubuhi umepumzika?"

"Nimepumzika, dada."

Walikuwa hawaonani. Kamanda akitoka kwa mlango wa nyuma, Dada Saa alikuwa bado anakunywa chai yake nyumbani. Katikati nilikuwa nalala kwenye benchi la chumba cha mizigo, sare mwilini, koleo mfukoni. Jua lilikuwa linanikuta treni na kuniacha treni, na usiku nilibakiwa na saa mbili tatu tu za kulala.

Nikajikaza kisabuni.

Ndipo akaja yule mzee na dua yake ya mume mwema.

Kwa siku chache nikajidanganya kwamba mzee alichanganya mambo. Halafu mama mmoja mwenye pacha akanishukuru kwa kumletea maji. Sikumletea maji. Kijana mmoja akaniambia, "Dada, tangazo lako lilikuwa zuri, una sauti ya redioni." Sikuwa nimetangaza chochote. Nikauliza behewa zima, wakaitikia kwamba stesheni inayofuata imeshatangazwa, na aliyetangaza ni mimi.

"Nilisimama wapi?"

"Hapohapo uliposimama," akajibu mama mmoja, akamvuta mwanawe karibu naye.

Kuna mtu alikuwa ananitangulia. Ana sare yangu, koleo langu, sauti yangu. Na kazi alikuwa anaifanya vizuri, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Hakuna abiria hata mmoja aliyelalamika.

Nililala chumba kimoja na kifaranga mwenzangu tuliyemwita Mchapo. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha juu na cha chini, dirisha linalotazama karakana, na kamba ya kuanikia soksi iliyopita juu ya uso wangu. Nilimsimulia Mchapo nikitegemea anicheke. Hakucheka.

"Hujui kuna kondakta alikufa kwenye njia ile?"

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani?"

"Mfagiaji wa stesheni."

Kwa mujibu wa mfagiaji, marehemu alikuwa kifaranga kama sisi. Aliteleza kati ya behewa na behewa kabla hajafanya mtihani.

"Kwa hiyo saa zake hazijaisha," Mchapo akasema, sauti chini. "Bado anazimalizia."

"Na mimi nahusikaje?"

"Anahitaji sura ya kuvaa. Wewe una sura ya huruma."

Nikamrushia soksi. Lakini alipozima taa nilimwomba aiwashe tena.

Mnaweza kujiuliza kwa nini sikusema kazini. Nitawaambia. Kifaranga akisema anaona vitu visivyokuwepo, anashushwa kwenye treni siku hiyohiyo, anapelekwa kwa daktari, na saa zake zinasimama mpaka daktari aridhike. Saa zikisimama, likizo inasimama. Shule hazimsubiri mtu. Funika kombe mwanaharamu apite, nikajiambia.

Nikaamua kumtegea.

Mchana mmoja, kabla ya kuanza kukagua, nilikwenda behewa la mwisho peke yangu. Nikafunga kitambaa changu cha mkononi kwenye kitasa cha mlango, fundo la kukaza kwa meno. Nia yangu ilikuwa hivi: nikifika pale kwa kukagua nikute kitambaa kipo, basi hakuna aliyepita. Nikikuta kimefunguliwa, amepita.

Nikaanza kazi. Nilikuwa macho kabisa, nawaapia. Nilikuwa najifinya paja kila behewa.

Nikafika behewa la mwisho. Kitasa kilikuwa kitupu.

Nikaangalia chini, chini ya viti, kwenye pipa la taka. Abiria wakanitazama. Jasho likanitoka, nikaingiza mkono mfukoni nitafute cha kujifutia.

Kitambaa kilikuwa mfukoni mwangu. Kimekunjwa vizuri, kwa mikunjo ninayokunja mimi.

Siku ileile treni iliingia kwenye handaki. Ni handaki fupi, mchana kweupe unaingia na kutoka kabla hujamaliza sentensi. Kukiwa giza nje, kioo cha mlango wa kati kinakuwa kama kioo cha kujitazamia. Nikamwona.

Kondakta amesimama upande wa pili wa kioo, ananikabili. Kofia yangu, kola yangu, mkono umeshika koleo. Ningesema ni taswira yangu na yakaisha, ila macho yake yalikuwa yamefumba.

Mtu hawezi kuyaona macho yake mwenyewe yamefumba. Jaribuni.

Treni ikatoka handakini, mwanga ukaingia, kioo kikawa kioo. Upande wa pili palikuwa na mama anamenya chungwa. Niliogopa kama sijawahi kuogopa tangu nizaliwe, na nilikuwa nimebakiza zamu chache tu kumaliza saa zangu.

Jioni yake nikapiga simu nyumbani. Mama yangu akapokea, mtoto akaipora.

"Mama, shule karibu?"

"Karibu sana."

"Mimi nataka kukuona sasa."

"Vumilia kidogo. Nikija nitakaa."

Nikasikia analia. Mama yangu akaichukua simu.

"Analia hivi kila siku," akasema. "Na wewe sauti yako siipendi. Unakula?"

"Nakula, mama."

"Unalala?"

"Nalala."

Akanyamaza kidogo. Mama yangu akinyamaza hivyo ujue kuna jambo analipanga, lakini nilikuwa hoi, sikulijali.

Sasa nawasimulia siku yenyewe.

Ilikuwa zamu ya mchana, tunarudi kutoka njia panda. Nakumbuka kupanda. Nakumbuka Dada Saa akiniambia, "Wewe shika ya nyuma, mimi nashika ya mbele. Milango ni yako leo." Kwa kifaranga hiyo ni heshima kubwa, maana milango ndiyo kazi yenyewe. Treni ikisimama, kondakta anashuka jukwaani, anatazama urefu wote wa treni, anahakikisha hakuna mtu mlangoni. Ndipo anapuliza filimbi na kumpungia dereva bendera ya kijani. Dereva hakuoni uso. Anaiona bendera, anaiamini, anaondoka.

Nakumbuka kuingia behewa la kwanza la nyuma. Nakumbuka harufu ya chungwa.

Baada ya hapo nakumbuka kelele za chuma.

Treni ilikuwa inakwaruza breki, watu wanaangukiana. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi ya mlango, filimbi mdomoni, bendera ya kijani mkononi, mkono bado uko juu. Sikujua tuko stesheni gani. Jukwaani nyuma yetu watu walikuwa wanakimbia kuelekea sehemu moja na kuinama.

Katikati yao niliona mgongo wa mama mtu mzima ameketi chini, amekumbatia mtoto. Sikuona nyuso zao. Kulikuwa na watu wengi mbele yangu.

Dada Saa alikuja anakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Alikuwa amemwona mtoto kupitia dirishani akavuta breki ya dharura. Akanipokonya bendera.

"Umepuliza filimbi mtoto yuko mlangoni," akaniambia. Hakupaza sauti. "Ameshika chuma cha mlango wako. Miguu iko hewani. Ulikuwa unamtazama."

"Sikumwona, dada."

"Ulikuwa unamtazama usoni."

"Amekufa?"

"Bibi yake amemvuta. Wameanguka wote wawili. Mtoto mzima, bibi kachubuka. Nakwenda kuzungumza nao, na wewe ingia humu."

Akanisukuma ndani ya chumba cha walinzi, humohumo kwenye treni, akafunga mlango kwa nje. Nikakaa sakafuni. Nilikuwa nikirudia neno moja tu, si mimi, si mimi, ni yule. Nikaligongagonga koleo kwenye goti langu mpaka likaniuma.

Aliporudi alikaa sakafuni karibu nami.

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

Nikaligeuza koleo mkononi.

"Nakuuliza. Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwa Kamanda."

"Na jana asubuhi?"

"Kwa Kamanda."

Akaitazama saa yake, ingawa hakuwa anatafuta saa. "Mimi nilijua asubuhi unalala," akasema. "Mungu wangu. Mimi nilijua unalala."

Kesho yake tulikusanywa ofisini. Kamanda alikuja amevua kofia, kumbe ana upara. Akasema yeye alijua mchana nalala. Mpanga zamu akasema kila mwalimu alisaini saa za kwake na hakuna aliyezidisha, na alipomaliza kusema akasikia mwenyewe alichosema. Kifuniko cha kalamu kikamdondoka.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, mpaka kwa marehemu wa Mchapo. Kisha akanieleza kwa lugha nyepesi. Ubongo ukinyimwa usingizi kwa muda mrefu, unajichukulia wenyewe. Unalala kidogo kidogo, na mwili unaendelea na ile kazi uliyoizoea. Unatembea, unaongea, unatoboa. Ukiamka hukumbuki.

"Na yule wa kwenye kioo?"

"Uliota. Umesimama, macho wazi, ukaota."

"Kwa hiyo hakuna jini."

"Hakuna. Ni wewe."

Mchapo nilipomweleza alifikiri kidogo, akasema, "Bora angekuwa jini." Kwa mara ya kwanza nikakubaliana naye. Jini ungemfukuza.

Sikufukuzwa kazi. Bibi wa yule mtoto alikataa kushtaki, Dada Saa akanitetea, na meneja akaandika kwamba nipewe mapumziko ya lazima, kuanzia siku hiyo, mpaka daktari aseme. Mpanga zamu ndiye aliyeniletea habari. Alisimama mlangoni pa chumba chetu, anaogopa kuingia.

"Umepata likizo yako," akasema. Akaondoka haraka.

Simu nilikuwa nimeizima tangu siku ile. Niliogopa kila mlio. Nikalala usiku kucha na mchana kucha, nikaamka, nikaoga, nikapanda treni kama abiria, na kondakta aliponiomba tiketi nilimtazama machoni kwanza. Kutoka njia panda nikapanda basi. Shule zilikuwa bado hazijafunguliwa. Nilikuwa nimewahi. Pamoja na yote, nilikuwa nimewahi, na moyo ulianza kunichangamka.

Mama yangu alifungua mlango. Alinitazama muda mrefu bila kunikaribisha. Kiwiko chake kilikuwa kimefungwa bandeji.

"Shikamoo, mama. Umeumia?"

"Marahaba. Nilianguka kidogo. Pita ndani."

Binti yangu alikuwa nyuma ya kochi. Nilichuchumaa, nikafungua mikono, nikasubiri zile mbio zake.

Hakuja. Alinitazama mimi, akamtazama bibi yake.

"Bibi," akauliza, "huyu ameamka?"

Sikuelewa. Nawaapia, kwa muda kidogo sikuelewa. Nikamgeukia mama yangu nikicheka, na uso wake ndio ulionifahamisha.

"Mtoto alikuwa analia," akasema. "Nikaona nimlete akuone. Tupande treni yako pale njia panda, akuone ukiwa na sare yako, tushuke mbele kidogo turudi. Nilitaka kukufurahisha."

"Mama, usiseme."

"Ulikuja kwenye kiti chetu. Nikakupa tiketi huku nacheka, nasubiri uruke kwa furaha. Ukatoboa. Ukaniambia, 'Safari njema, mama.' Nikajua unatania. Mtoto akakushika sketi, anakuita. Ukamtoa mkono taratibu, ukamwambia, 'Kaa kwenye kiti, mtoto mzuri, treni inatembea.' Ukapita."

"Macho yangu yalikuwaje?"

"Yalikuwa wazi. Ndiyo maana niliogopa."

Nikakaa chini palepale kwenye sakafu.

"Nikafikiri labda ni sheria ya kazi yenu," mama akaendelea. "Kwamba mtu akivaa sare hana mama. Nikasema basi, tushuke stesheni inayofuata, tusimharibie kazi. Tukashuka. Huyu akanichoropoka, akakurudia mlangoni. Akashika chuma, anakuita. Wewe ukamtazama, ukapuliza filimbi."

Hapo mama yangu alikaa. Sijawahi kumwona akilia mbele ya mtoto, na siku ile pia alijizuia.

"Kwa nini hukusema pale? Kwa nini hukuwaambia ni mimi?"

"Yule dada wa saa aliniuliza kama nataka kumshtaki kondakta. Nikaona nikisema wewe ni mwanangu wataniuliza mengine, watakufukuza. Nikamwambia mtoto ndiye aliyeteleza." Akaikuna bandeji. "Nikamwambia kondakta simjui."

Mama aliyenizaa. Alimkana mwanawe jukwaani, damu inamtoka kiwikoni, ili mwanawe asipoteze kazi.

Mtoto hakunisogelea siku ile, wala iliyofuata. Mama yangu alikuwa amemweleza kwamba mama yake siku ile alikuwa amelala akiwa amesimama. Basi kila asubuhi alikuwa anakuja mlangoni pa chumba, anasimama mbali, ananichunguza.

"Umeamka?"

"Nimeamka, mwanangu."

"Mimi ni nani?"

Namtaja jina lake. Anasubiri kidogo, kisha anaondoka.

Siku ya kwanza ya shule nilimvalisha sare na kumfunga viatu. Tulipotoka mlangoni nilinyoosha mkono. Aliutazama, akaenda kushika mkono wa bibi yake, ule mzima, na mimi akanipa begi nibebe. Nikabeba. Nilitembea nyuma yao njia nzima, mpaka langoni pa shule. Ahadi niliitimiza, kama kule kutembea nyuma kunaitwa kutimiza.

Mtihani nilikuja kuufanya baadaye sana, na mwalimu mmoja, na usiku wa kulala. Nilifaulu. Siku hizi vifaranga wanakuja kuniuliza jinsi ya kuharakisha saa, na wengine wana sababu nzuri kuliko yangu. Siwaambii, na naona wananiona mchoyo wa maarifa.

Ndugu yangu unayesoma hii ukiwa kwenye benchi la kazini, sare mwilini, unajiambia ni kidogo tu uvuke: tafuta mtu mmoja mwenye kujua umelala lini mara ya mwisho, na umwambie ukweli. Kama kazini hayupo, mpigie mama yako. Usimwambie unalala. Mimi nilimwambia nalala, naye hakuniamini, akapanda treni kuja kuhakikisha.

Binti yangu sasa amekua, anachekeshwa na mambo mengine. Kunishika mkono ananishika. Ila akiamka usiku akanikuta nimekaa sebuleni, bado anasimama kwanza mlangoni, na mimi najua anachongoja. Namwita kwa jina lake, ndipo anaingia.